Tuzo za Televisheni ya Jamii: Nani Azitoe, kwa Kipimo Gani, na Tindiga Inufaike Vipi

Sisi tuliotoka Kilosa na Mikumi tunajua habari za nyumbani hutangazwa lini. Mto ukifurika, au wakulima na wafugaji wakigombana, wapiga picha hutoka Dar es Salaam, wakafanya kazi yao na kurudi. Baada ya hapo wa kuisimulia Tindiga, kata ya wilaya ya Kilosa, ni mtangazaji wa redio ya jamii au kijana mwenye simu yake. Watu hawa wanastahili tuzo. Makala hii inaeleza tuzo za namna hiyo zinavyoendeshwa Marekani na nyumbani, na sisi tunaweza kufanya nini.

Ilivyo Marekani

Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziagiza kampuni za televisheni ya kebo katika masoko makubwa zitenge chaneli za wananchi, shule na serikali za mitaa. Mahakama ya Juu ilizitengua kanuni za FCC za chaneli hizo mwaka 1979. Sheria ya kebo ya 1984 ikazipa mamlaka za miji nguvu ya kudai chaneli hizo katika mikataba, na kutoza kampuni ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kebo. Katika miji mingi, sehemu ya ada hiyo hununua kamera na kuendesha studio ambamo mkazi hufundishwa, kisha hurusha kipindi chake mwenyewe. Wasomali wa Minneapolis walipata sauti yao kwenye televisheni kwa njia hiyo.

Vituo hivyo vina muungano wao, Alliance for Community Media, ulioanzishwa mwaka 1976 kwa jina jingine. Ndio unaohusika na tuzo za Hometown Media Awards. Jambo la kuiga ni namna washindani wanavyogawanywa: wanaolipwa mshahara wana kundi lao, wakazi wanaojitolea lao, na vijana lao. Vituo navyo hupangwa kwa ukubwa wa bajeti, ili kituo kidogo kisilinganishwe na kikubwa.

Ilivyo nyumbani

Tanzania Bara ilifungua mlango wa utangazaji binafsi kwa sheria ya mwaka 1993. ITV ikaanza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Kwa kuwa televisheni ni ghali, wilayani redio za jamii ndizo zilizoota mizizi: Redio Jamii Kilosa, FADECO ya Karagwe, Pangani FM, Micheweni kule Pemba, Orkonerei ya Simanjiro. Siku hizi mtangazaji wa redio hupiga pia video na kuiweka mtandaoni. Hata hapo gharama humfuata, maana kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni na ada kwa televisheni za mtandaoni.

Tuzo zipo. Baraza la Habari Tanzania na washirika wake wamekuwa wakitoa tuzo za umahiri wa uandishi wa habari, EJAT, tangu mwaka 2009. Mwaka 2025 zilitolewa Samia Kalamu Awards, zilizoandaliwa na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, pamoja na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ambapo kura za wananchi zilihesabiwa pamoja na alama za majaji. Ni hatua njema. Lakini penye kura, mwenye hadhira kubwa na mtandao wa uhakika hutangulia, na mtayarishaji wa kijijini hubaki nyuma hata kama kazi yake imewafaa watu wake.

Kipimo cha Tindiga

Tindiga iko kwenye bonde. Maji na udongo uleule unaomnufaisha mkulima wa mpunga ndio unaomvuta mfugaji wakati wa kiangazi. Desemba 2000, humohumo wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja tuta lake na maelfu wakakosa makazi.

Kipindi kinachofaa mahali kama hapa ni kile kinachomsikiliza mkulima na mfugaji kwa haki sawa, kinachofuatilia ujenzi wa tuta kabla ya masika, na kinachomuuliza mwenyekiti wa kijiji maswali ambayo wanakijiji wenyewe wanaulizana. Inawezekana: katika miaka ya 1990 wavuvi wa Mtwara na Lindi walitumia video kupinga uvuvi wa baruti, na kilio chao kikawafikia viongozi.

Kwa hiyo majaji wasitazame ung'avu wa picha peke yake. Waulize: je, pande zote zimesikika? Wanakijiji wamekiona kipindi hicho? Kuna jambo lililobadilika baada ya kurushwa? Baadhi ya majaji wawe wakulima, wafugaji na akina mama wa vijiji husika.

Tunachoweza kufanya

Jumuiya yetu sisi tuliotoka Kilosa na Mikumi ina uwezo wa kuanzisha tuzo moja ya kila mwaka kwa watayarishaji wa Kilosa na Mikumi. Zawadi isiishie kwenye cheti. Iwe maikrofoni, betri za akiba, bando la mwaka mzima na ada ya leseni, vitu vitakavyomwezesha mshindi kutengeneza kipindi kinachofuata. Mialiko ya kushindana itangazwe redioni, na kazi zipokelewe hata kwa simu. Sherehe ifanyike kijijini kwa mshindi, kipindi chake kikionyeshwa hadharani, ili waliosimuliwa humo wawe wa kwanza kusema kama kimesimulia kweli.