Fizikia ya Mpemba na Utayari wa Shule Zetu

Mwaka 1963, wanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, aliona nafasi inajaa, akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipolishikilia katika shule nyingine, swali lake likageuzwa mzaha darasani, likaitwa fizikia ya Mpemba.

Siku ile Magamba ilikuwa na jokofu, maziwa na mtoto mwenye swali. Alikosekana mtu mzima wa kusema: haya, turudie tuone.

Nakumbuka kisa hiki kila ninapoulizwa kama shule zetu ziko tayari kwa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zikifundishwa pamoja ili kutatua tatizo moja. Wengi wetu hukimbilia kuhesabu majengo na kompyuta. Hesabu hiyo ni ya lazima. Kampeni ya Tanzania ya mwaka 2014, ya kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu za fizikia, kemia na baiolojia, ilitokana na upungufu wa kweli. Kenya nayo, tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanyika katika mikondo mitatu, mmojawapo ukiwa STEM. Kumwingiza mtoto katika mkondo huo shuleni pasipo na maabara ni kumdhulumu.

Hata hivyo, maabara haijifundishi. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la kemia: wanafunzi zaidi ya 60, bureti moja. Mwalimu alifungua koki, tone baada ya tone, hadi waliokaa mbele wakashangilia rangi ya waridi. Binti aliyekuwa kando yangu hakuona kitu. Alisubiri jibu liandikwe ubaoni, akalinakili. Chumba kilikuwa kipya, vigae viking'aa, ila hapakuwa na fundi sanifu wa kuandaa vifaa, na kipindi kilikuwa cha dakika 40. Mwalimu yule alijitahidi kadiri ya uwezo wake. Angepata msaidizi na vipindi viwili mfululizo, binti yule angeshika bureti kwa mkono wake.

STEAM huongeza sanaa, na hapa pia tunajikwaa. Wapo wanaodhani ni kuimba wimbo kuhusu mzunguko wa maji. Mtazame msukaji wa mkeka: anahesabu miyaa ya rangi, na akikosea mmoja tu, ua haliji. Hapo sanaa na hisabati ni kazi moja. Mwalimu anayemwalika msukaji huyo darasani, kisha akawapa watoto kazi ya kubuni ua lao na kueleza kanuni yake, ameanza STEAM bila kusubiri kompyuta.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Karatasi ikidai majibu ya kukariri, mzazi atadai ukariri na mwalimu atautoa. Mtaala unaosifu udadisi hauna budi kuutuza pia siku ya kusahihisha.

Mpemba alilibeba swali lake hadi sekondari ya Mkwawa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza nao. Wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, akamwomba fundi sanifu alijaribu, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya kile kinachoitwa athari ya Mpemba.

Mwalimu mkuu anayetaka kujua kama shule yake iko tayari aingie darasani, akae nyuma, asubiri mtoto aulize swali lisilokuwemo katika andalio la somo. Kitakachofuata ndicho kipimo.