Kompaila Ikiwa Bado Mbichi

Tarehe 22 Machi 1987, mwandishi wa programu Richard Stallman alitangaza kwamba kompaila yake ya lugha ya C, GCC, iko tayari kuchukuliwa na yeyote anayeitaka. Tangazo hilo halikuwa na majigambo. Alieleza kwamba kompaila hiyo inajitafsiri yenyewe bila kosa kwenye kompyuta zenye chipu ya 68020, na kwamba siku za karibuni imefanya hivyo pia kwenye mashine za VAX. Ilikuwa imeshatafsiri Emacs, programu kubwa ya kuandikia, na vilevile TeX, ile ya kupanga kurasa za vitabu. Kisha akasema wazi kwamba pengine bado ina hitilafu nyingi, na kwamba ana matumaini watu watamtafutia. Mwenyewe alikuwa safarini kwa mwezi mzima, kwa hiyo hitilafu zingengoja arudi.

Asiye na mtandao aliweza kuagiza mkanda wa sumaku wa toleo hilo la majaribio kwa dola 150, na dola 15 juu yake kama yuko ng'ambo na anataka uje kwa ndege. Malipo yalikuwa ya mkanda na kazi ya kuutuma. Kompaila yenyewe ilikuwa programu huru: aliyeipata aliruhusiwa kuisoma ndani, kuibadilisha na kuwapa wengine.

Mwaka ule, kwa mkulima wa Kinakomba, wadi ya eneobunge la Galole iliyo kandokando ya Mto Tana nchini Kenya, habari kama hiyo isingefika hata kwa uvumi. Leo hali ni nyingine. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Popote mtandao wa simu unaposhika, iwe Hola au Garsen, mwenye simu ya Android anaweza kuweka programu iitwayo Termux, na ndani yake akaweka Clang, kompaila huru ya lugha ya C, bila kumiliki kompyuta ya mezani. Shuleni nako mlango umefunguka: mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kampuni ya Kodris Africa wa kufundisha uandishi wa programu. Vijana wengi wanaojifunza huambiwa kwamba kilele cha kazi hii ni kuandika programu mpya. Wachache huambiwa kwamba kuna kazi nyingine, ya lazima vilevile, ya kuzijaribu programu za watu zikiwa bado mbichi.

Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mtu, yenye maneno na alama anazozielewa binadamu, na kuyageuza kuwa amri ambazo chipu inaweza kuzitekeleza. Karibu kila kitu kilichomo kwenye simu kimepitia kwenye kompaila fulani, kuanzia mfumo wenyewe hadi programu ya kutuma pesa. Ndiyo maana kosa lake ni zito kuliko kosa la programu nyingi nyingine: programu elfu moja zilizoandikwa vizuri zinaweza kuharibika kwa sababu ya kompaila moja.

Hitilafu hizo hazina uzito sawa. Iliyo nyepesi ni ile ya kompaila kukwama na kufa katikati ya kazi. Inaudhi, lakini inajitangaza. Kuna ya kukataa maandishi yaliyo sahihi, na kuna ya kukubali maandishi yaliyo mabovu.

Inayotisha ni ya nne. Tuseme mtu ameandika programu ya kusoma kimo cha maji ya Tana na kuonya kila kinapopita mita nne. Maandishi yake hayana kosa, kompaila inayapokea bila kulalamika, na programu inaanza kufanya kazi. Lakini katika kutafsiri, kompaila imepindua ulinganisho mmoja, na maji yakifika mita tano programu inasema hali ni shwari. Mwandishi atajilaumu mwenyewe, atasoma mistari yake usiku kucha, na hataona kitu, maana kosa haliko kwake. Kwa watu walioona mafuriko ya Novemba 2023 yakifunika mashamba na kukata barabara za kandokando ya Tana, mfano huo hauhitaji maelezo zaidi.

Hitilafu ya namna hiyo hunaswaje? Njia ya zamani, ambayo Stallman aliitegemea, ni kuifanya kompaila ijitafsiri yenyewe. Wajenzi wa GCC hufanya hivyo kwa awamu tatu. Kwanza kompaila iliyopo huijenga mpya. Kisha hiyo mpya hujijenga tena, na zao la awamu ya pili huijenga ya tatu. Ya pili na ya tatu hulinganishwa baiti kwa baiti. Zikitofautiana, kuna jambo limeharibika.

Hata hivyo kipimo hicho hakitoshi, na ushahidi upo. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, akiwemo John Regehr, walichapisha matokeo ya chombo chao kiitwacho Csmith. Kazi yake ni kutunga programu za C kwa kubahatisha, kuzipitisha kwenye kompaila mbalimbali na kuangalia kama majibu yanalingana. Katika muda wa miaka mitatu waligundua na kuripoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zimejulikana. Kila kompaila waliyoijaribu ilikwama, na kila moja ilitoa tafsiri yenye makosa kimyakimya, zikiwemo zile zilizokuwa zikitumiwa duniani kote kwa miaka mingi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna uwanja ulio karibu zaidi. Nuru ni lugha huru ya programu ambayo maneno yake ni ya Kiswahili: andika huonyesha maneno kwenye kioo, kama na sivyo huchagua njia, wakati hurudia kazi, na rudisha hutoa jibu. Tofauti na GCC, Nuru ni intapreta, yaani husoma maandishi na kuyatekeleza papo hapo badala ya kuyageuza kwanza kuwa amri za chipu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana jicho ambalo mjaribu wa Utah hana. Anaweza kuona kwamba ujumbe wa kosa umeandikwa kwa namna ambayo mwanafunzi hawezi kuuelewa, au kwamba neno lililochaguliwa linamchanganya mtu wa Tana. Hiyo nayo ni hitilafu, na inastahili kuripotiwa.

Kuripoti kuna adabu yake. Kusema tu kwamba programu haifanyi kazi hakumsaidii mjenzi hata kidogo. Anachohitaji ni nambari ya toleo, aina ya mashine, amri kamili iliyotumika, matokeo yaliyotarajiwa na yale yaliyopatikana. Juu ya yote anahitaji mfano mdogo. Mjaribu hodari huchukua programu ya mistari mia tatu iliyoleta tatizo, akafuta mstari mmoja, akajaribu tena, akafuta mwingine, mpaka ibaki mistari sita ambayo ukiondoa hata mmoja kosa linatoweka. Kazi hiyo hudai uvumilivu kuliko shahada, na inaweza kufanywa kwenye simu.

Katika GCC, hitilafu ikisharekebishwa, mfano huo mdogo hautupwi. Huwekwa kwenye hazina ya majaribio ndani ya faili ambalo mara nyingi jina lake huanza na herufi pr na kufuatiwa na nambari ya ripoti. Tangu hapo, kila mjenzi anayebadilisha kitu ndani ya kompaila na kuendesha majaribio yote huuendesha na huo, awe Ujerumani, China au Marekani, na mistari sita iliyochujwa Kinakomba ikishindwa kupita, badiliko lake hukwama mpaka alitengeneze.