Breki Inayorudisha Umeme: Kutoka Naivasha hadi Kilindoni

Pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuzoeleka katika miji ya Tanzania, na kila zinapotajwa husikika sifa moja inayowavutia sana waendesha bodaboda: kwamba chombo hujichaji chenyewe kila kinapofungwa breki. Anayetia shaka huambiwa kwamba hata magari ya Safari Rally ya Kenya yalikuwa na mtambo huo. Ni kweli yalikuwa nao, na kwa sababu ni kweli, jambo lenyewe linastahili kuchunguzwa kwa hesabu. Naliangalia nikiwa Kilindoni, Mafia, kisiwa ambacho kila lita ya mafuta hufika kwa chombo cha baharini. Hapa mtu akikosea hesabu ya nishati, anaumia kuliko mwenzake wa Bara.

Tuanze na breki. Gari likiwa mbioni hubeba nishati ya mwendo, na nishati hiyo imetoka kwenye mafuta au betri uliyolipia. Ukikanyaga breki ya kawaida, pedi hubana diski, nishati yote ikageuka joto na kupotea hewani. Mota ya umeme ina uwezo ambao injini ya petroli haina. Ukiipa umeme, inazungusha gurudumu. Gurudumu likiizungusha yenyewe, inazalisha umeme, na uzito wa kazi hiyo ndio unaolipunguza gari mwendo. Umeme huo unarudi kwenye betri. Ni sawa na mtu anayekinga maji aliyooshea mchele ili amwagilie mchicha: amefanya la busara, lakini hawezi kukinga zaidi ya alichomimina, na mengine yatamwagika tu.

Kiasi kinachorudi hutegemea uzito wa chombo, mwendo wake, na mara ngapi kinasimamishwa. Mwendo ndio wenye nguvu zaidi: ukiongezeka mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Ndiyo maana teknolojia hii ilipata nafasi nzuri katika viwanja vya mbio, ambako gari hushuka kutoka kilomita 300 kwa saa hadi chini ya 100 kwa sekunde chache, kisha likarudia hivyo kona baada ya kona. Mwaka 2007 Toyota ilishinda mbio za saa 24 za Tokachi, Japani, kwa gari aina ya Supra lililokuwa likihifadhi nishati ya breki. Formula 1 iliingia mwaka 2009 kwa mota ya kilowati 60, iliyoruhusiwa kumpa dereva nguvu ya ziada kwa chini ya sekunde 7 katika kila mzunguko. Kanuni za mwaka 2026 zimeifikisha mota hiyo kilowati 350.

Safari Rally ni habari nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 2022 magari ya daraja la juu katika mashindano ya dunia ya rally yalifungwa mtambo mmoja unaofanana kwa timu zote, uliotengenezwa na kampuni ya Compact Dynamics ya Ujerumani. Mota yake ilikuwa na kilowati 100, betri ilibeba kilowati saa 3.9, yaani uniti 3.9 kama tunavyozinunua kwenye LUKU, na mtambo mzima ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80. Dereva hakupewa nguvu ya ziada bure. Ilimlazimu kwanza arudishe kiasi fulani cha umeme kwa breki, ndipo mtambo umfungulie msukumo unaofuata.

Sasa fanya hesabu. Gari pamoja na watu wake wawili likiwa na kilo 1,400, likienda kilomita 108 kwa saa, hubeba kilojuli 630. Hiyo ni uniti 0.175. Hata kama yote ingerudi, na hairudi yote, ungehitaji kusimama kabisa mara 22 kutoka mwendo huo ili kuijaza betri ya uniti 3.9. Kwa hiyo timu zilichaji pia kwa waya katika kituo cha matengenezo.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Njia za Naivasha, ambako Safari Rally hufanyika, hasa upande wa Kedong, zina vumbi laini lenye kina ambalo madereva huliita fesh-fesh. Gari likizama humo, mchanga hulikokota kabla dereva hajagusa breki, na nishati inayoliwa na mchanga hakuna mota duniani inayoweza kuirudisha. Juu ya hayo kuna mawe na mashimo. Mtambo ulikuwa na kinga inayouzima ukipata kishindo kikubwa, na zaidi ya dereva mmoja alijikuta akiendesha gari lenye mzigo wa kilo 80 usiomsaidia chochote.

Je, kuna timu iliyoshinda kwa sababu ya mtambo huo? Rekodi ya Toyota Gazoo Racing, timu yenye makao yake Jyväskylä, Finland, inatoa jibu zuri kuliko maabara yoyote. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, Sébastien Ogier alishinda kwa Yaris isiyo na mota ya umeme. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä alishinda kwa gari lenye mota, na Toyota ikachukua nafasi zote nne za juu. Ikarudia nafasi zote nne mwaka 2023, Ogier akiongoza. Rovanperä akashinda tena 2024. Mwaka 2025 mtambo ukaondolewa magarini, Elfyn Evans akashinda, bado ni Toyota. Kutoka 2021 hadi 2025 ni ushindi 5 mfululizo: mmoja kabla ya mota, mitatu ikiwepo, mmoja baada ya kuondoka.

Siri iko kwingine, na ni ya siku nyingi. Mashindano haya yalipoanzishwa mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu siku hizo mshindi amekuwa yule ambaye gari lake linafika. Toyota ilijifunza somo hilo miaka ya 1980, Björn Waldegård na Juha Kankkunen walipoishindia mfululizo 1984, 1985 na 1986 kwa Celica. Mwaka 1993 ilichukua nafasi nne za juu, na mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akaipa ushindi nyumbani kwake. Hewa ya injini isiyoingia vumbi, shokomzoba zisizokatika, dereva anayejua mahali pa kutulia: hayo ndiyo yaliyoshinda.

Waandaaji wa mashindano ya dunia waliondoa mtambo wa umeme kwa sababu ya gharama na ugumu wake, na uzito wa chini wa gari ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Kanuni mpya za mwaka 2027 nazo zimewekewa ukomo wa bei ya gari, euro 345,000, ili timu ndogo ziweze kuingia. Nauona uamuzi huo kuwa sahihi kwa rally. Kwa matarajio ya Toyota, tishio si kukosa mota ya umeme. Ni kuondoka kwa Rovanperä mwishoni mwa 2025, aliyeziacha rally kwa ajili ya mbio za viwanjani Japani, na ni wapinzani wa Hyundai, ambao mwaka 2025 walishika nafasi ya pili na ya tatu Naivasha. Bado ningeipa Toyota nafasi ya kwanza katika barabara za Kenya, mradi ilinde uimara wake.

Turudi Kilindoni. Chukua bodaboda na abiria wake, jumla kilo 280, mwendo kilomita 50 kwa saa. Nishati yake ya mwendo ni kilojuli 27 tu. Tuseme nusu inarudi kwenye betri, nayo ni matumaini makubwa, maana ukifunga breki uzito hukimbilia gurudumu la mbele huku mota nyingi zikiwa nyuma. Unapata kilojuli 13.5. Uniti moja ni kilojuli 3,600. Itakubidi usimame karibu mara 270 ili upate uniti moja, ambayo ndiyo takriban inayotumika kwenda kijiji cha Utende na kurudi. Barabara hiyo ya lami ni ya kilomita 14 hivi, kisiwa ni tambarare, na wa kukusimamisha njiani ni wachache. Anayejichaji kwa breki hapa hatafika hata nusu ya njia.

Mahali ambapo hesabu hii hulipa ni kwenye vyombo vizito vinavyosimama mara kwa mara au kushuka milima. Basi la tani 12 likisimama kutoka kilomita 40 kwa saa hutoa kilojuli 740, na basi la mjini husimama mamia ya mara kwa siku. Kwa hiyo mabasi ya umeme kama Kayoola ya Kiira Motors, Uganda, yana sababu nzuri ya kukinga nishati ya breki. Treni ya SGR nayo hushuka kutoka Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Dar es Salaam. Kila tani inayoshuka kimo hicho ina akiba ya karibu uniti 2.7, ingawa msuguano na hewa huchukua fungu kubwa. Huko ndiko ningependa wahandisi wetu waelekeze nguvu.

Kwa Mafia swali kubwa ni umeme wa kuchajia unatoka wapi. Kwa miaka mingi TANESCO imeendesha kisiwa hiki kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Jenereta hugeuza kuwa umeme kama theluthi tu ya nishati ya dizeli, kisha hasara nyingine hutokea kwenye nyaya, chaja na mota. Kinachofika gurudumuni ni karibu robo, na injini ya petroli ya pikipiki nayo hufikisha robo hivi au pungufu. Mwendeshaji ataokoa fedha, kwa kuwa bei ya umeme ya TANESCO ni moja nchi nzima, lakini kisiwa hakitaokoa mafuta mengi. Paneli ya jua ya wati 400 hubadilisha mambo: katika siku ya jua zuri hutoa kati ya uniti 1.5 na 2, zaidi ya safari nzima ya Utende.

Na wapo jamaa zetu wa bahari. Mashindano ya Vendée Globe, ambayo mtu mmoja huzunguka dunia kwa tanga bila kusimama, yalimpa ushindi Yannick Bestaven mwezi Januari 2021. Bestaven huyo ni mwanzilishi wa kampuni ya Watt&Sea, inayotengeneza propela ndogo za kushushwa nyuma ya boti: tanga likivuta, maji huzungusha propela, betri inajaa. Hii si nishati ya breki, ni upepo wenyewe unaovunwa, na kwa pwani yenye kusi na kaskazi ningeitafutia majaribio kwenye mashua zetu kabla ya kuifikiria breki ya bodaboda.

Ndugu msomaji, ukienda kuuziwa pikipiki ya umeme, uliza betri inabeba uniti ngapi, ina dhamana ya miaka mingapi, na fundi gani aliyeko Mafia ataifungua ikiharibika. Breki inayorudisha umeme ikiwemo, ipokee. Usiilipie hata shilingi moja zaidi.