Meno ya mtoto yakioza, asilaumiwe mama peke yake



Mtoto wa miaka mitatu anaamka usiku analia, ameshika shavu. Baba anamgeukia mama: "Umemlisha nini huyu?" Bibi anasema ni mnyoo wa jino. Jirani naye anawatuliza asubuhi: "Msihangaike, hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu." Huenda maneno haya umeyasikia hata nyumbani kwako. Yote matatu hayamsaidii mtoto.

Kwanza, mnyoo wa jino hakuna. Kinywani mna vijidudu viitwavyo bakteria. Vijidudu hivyo hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hula ganda la jino kidogo kidogo. Mate huiondoa, lakini huchukua nusu saa hivi au zaidi. Mtoto akipewa pipi asubuhi, biskuti saa nne, juisi adhuhuri na chai ya sukari alasiri, meno yake hayapumziki kutwa nzima.

Pili, meno ya utoto yana kazi. Yapo 20. La kwanza huota kwenye miezi sita hivi, na yote hukamilika mtoto akikaribia miaka mitatu. Ganda lake ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani, ndiyo maana huoza upesi. Magego ya utoto hukaa kinywani mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Yakitoka kabla ya wakati, meno ya ukubwani hukosa nafasi na huota yamepandana. Na mtoto mwenye maumivu hali vizuri wala halali.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Tatu, lawama kwa mama. Wataalamu wanatuambia kuwa kuoza kwa meno hufuata sana hali ya maisha ya familia: kipato, elimu ya wazazi, anayeshinda na mtoto, na umbali wa tabibu. Uingereza, kwa mfano, watoto wa maeneo ya kimasikini huoza meno zaidi kuliko wa maeneo yenye uwezo. Kwetu, mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, mtoto anabaki na bibi au dada wa kazi. Akilia, kitu rahisi cha kumnyamazisha ni pipi ya dukani. Baba akirudi jioni, mapenzi yake huyaonyesha kwa soda. Kwenye nyumba yenye uwezo nako, juisi za pakiti hazikauki kwenye friji. Mkono unaotia sukari kinywani mwa mtoto si wa mama peke yake, basi na kinga iwe ya nyumba nzima.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Mtoto asilale na chupa ya maziwa, uji wa sukari au juisi mdomoni. Usiku, maji matupu yanatosha. Meno ya mbele ya juu ndiyo huharibika kwanza kwa tabia hii.

2. Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, si kutwa nzima. Kaeni baba, mama, bibi na dada wa kazi mkubaliane. Anayemnyima pipi asionekane mbaya, na anayempa asijione ndiye mwenye huruma. Ndizi au karanga za kusaga humnyamazisha vilevile.

3. Mpigishe mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye madini ya floraidi: kiasi cha punje ya mchele chini ya miaka mitatu, na kiasi cha njegere kuanzia miaka mitatu hadi sita. Mkubwa ndiye ashike mswaki, kwani mkono wa mtoto bado hauwezi.

4. Usimtafunie chakula wala kulamba kijiko chake, kwani vijidudu huhama kwa mate.

5. Kila mwezi inua mdomo wake wa juu uangalie. Mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi ni dalili ya mwanzo, na hapo bado kuoza kunaweza kuzuiwa. Ukiuona, au ukiona doa la kahawia, mpeleke kwa tabibu wa meno kabla hajaanza kulia. Akivimba uso na kuwa na homa, usingoje kesho.

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.) ametuhimiza sana mswaki, na neno lenyewe tumelipata kwenye Kiarabu. Wakubwa tunausimamia kabla ya swala, lakini mtoto tunamwacha mpaka aanze shule. Leo usiku, kabla hajalala, mpakate, umwangalie kinywa. Na kesho iwe zamu ya baba.

Wabillahi tawfiq.