Chombo cha Kuvukia Mto: Kielee Vizuri, Kisipinduke

 Leo tunaacha jembe kidogo, twende mtoni.

Wewe unayeishi Tunduru, upande wa kusini karibu na Mto Ruvuma, au kando ya Mto Muhuwesi, wajua jambo hili kuliko sisi. Shamba la mpunga liko bondeni, ndugu wengine wako ng'ambo Msumbiji, na daraja liko mbali. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko Mtambaswala, huko Nanyumbu. Kwa mtu mwenye gunia mbili za mpunga kichwani na kwenye baiskeli, hiyo ni safari nyingine kabisa. Basi anaita mwenye mtumbwi. Na mpunga huvunwa wakati mto bado una maji ya masika. Hapo mavuno ya mwaka mzima, na roho za watu, vinakaa ndani ya gogo moja lililochongwa.

Sasa basi, tujiulize maswali mawili. Kwanza, ni kitu gani kinachoufanya mtumbwi uelee? Pili, ni kitu gani kinachoufanya usipinduke? Watu wengi huyachanganya maswali haya, na hapo ndipo ajali inapoanzia.

Tuanze na kuelea. Chombo huelea kwa kuyasukuma maji pembeni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chombo chenye uzito wa kilo 300 pamoja na watu na mzigo lazima kisukume lita 300 za maji ndipo kielee. Ukiongeza mzigo, kitazama chini zaidi kidogo ili kisukume maji zaidi. Maji yakifika ukingoni, hakuna tena pa kuzama isipokuwa chini kabisa.

Chukua mfano. Mtumbwi wenye urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 60 huzama kiasi cha sentimita 1 kwa kila kilo 25 unazoongeza. Ukimpakia mvushaji, abiria wawili, na magunia mawili ya mpunga ya kilo 75 kila moja, hizo ni kama kilo 330. Mtumbwi umezama sentimita 13. Akija mtu akasema, "Mzee, niongezee haya mawili, yasilale njiani," umezama sentimita 6 nyingine. Kwa macho ni kitu kidogo. Lakini ukingo uliokuwa juu ya maji kwa shibiri nzima sasa umesogea karibu zaidi na maji, na wimbi linaingia ndani kwa urahisi zaidi.

Sasa kupinduka. Mtumbwi wa gogo una tako la mviringo na ni mwembamba. Unaweza kuelea vizuri sana na bado ukapinduka, kwa sababu uzito umekaa juu au umekwenda upande mmoja. Mtu akisimama ghafla, gunia likabingirika, au wote wakainamia upande mmoja kumtazama kiboko, basi kazi imekwisha.

Wenzetu wa pwani walilitambua jambo hili zamani. Tazama ngalawa: ni mtumbwi mwembamba, lakini pande zote mbili umefungiwa mbao nyembamba zinazoshikwa na miti iliyokatiza chombo. Ngalawa ikitaka kulala upande mmoja, ubao wa upande huo unaingia majini na maji yanausukuma juu. Mkulima wa Tunduru anaweza kutumia akili hiyohiyo kwa madumu ya plastiki ya lita 20.

Dumu tupu lililofungwa vizuri lina uzito wa kiasi cha kilo 1. Likizamishwa lote, maji hulisukuma juu kwa nguvu ya kiasi cha kilo 19. Matatu ni kilo 57. Nguvu hiyo ikikaa mbali na mtumbwi inafanya kazi kubwa zaidi, kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao wa pembea anavyoweza kumwinua mtu mzima aliyekaa karibu na katikati.

Namna ya kufanya ni hii:

Kwanza, tafuta miti miwili mikavu, imara, yenye urefu wa mita 2 hivi. Ikatize juu ya mtumbwi, mmoja mbele na mmoja nyuma, ukiacha nafasi ya mvushaji kutumia kafi au pondo. Ifunge kwa kamba ya nailoni. Usipige misumari, maana misumari hupasua gogo, na kamwe usitoboe chini ya usawa wa maji.

Pili, funga mti wa tatu kila upande, kutoka ncha hadi ncha ya ile miwili, uende sambamba na mtumbwi. Huo ndio utakaobeba madumu, matatu kila upande. Kila dumu lifungwe mara mbili, shingoni na kiunoni.

Tatu, angalia kimo. Mtumbwi ukiwa na mzigo wake wa halali, madumu yaguse maji kwa robo tu. Yakikaa juu mno, mtumbwi utalala sana kabla hayajaanza kusaidia. Yakizama mno, yatakokota maji na kumchosha mvushaji.

Nne, yapime kabla ya kuyafunga. Lizamishe kila dumu na ulikandamize. Likitoa mapovu, halifai. Na usitumie dumu lililowekwa dawa ya mikorosho au dawa yoyote ya shamba. Maji ya mto huo ndiyo yanayonywewa na watu wa chini.

Tano, funga madumu mengine mawili mawili ndani ya mtumbwi, mbele kabisa na nyuma kabisa, yasichomoke. Haya hayana kazi mpaka siku ya ajali. Mtumbwi ukijaa maji, ndiyo yatakayouzuia kwenda chini, nanyi mpate kitu cha kushika. Mtu aliye ndani ya maji hadi shingoni anahitaji msaada mdogo tu ili kichwa kibaki juu.

Jambo hilo la tano ni kubwa, ndugu mkulima. Tena si la mitumbwi peke yake. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walianza kutengeneza gari la magurudumu sita linalokwenda nchi kavu na kuelea majini. Lilibeba mizigo kutoka melini hadi ufukweni, na lilikuwa na pampu za kutoa maji. Baada ya vita, magari ya aina hiyo yalitumiwa kutembeza watalii. Mwaka 1999 moja lilizama katika jimbo la Arkansas, watu 13 wakafa. Wachunguzi wakashauri magari hayo yapewe uwezo wa kuendelea kuelea hata yakijaa maji, na paa zao ziondolewe zisiwanase watu. Hata hivyo, Julai 19, 2018, jingine lilikumbwa na dhoruba ziwani katika jimbo la Missouri. Mawimbi yakaingia, likazama na paa lake, na watu 17 kati ya 31 wakapoteza maisha. Injini lilikuwa nayo. Kilichokosekana ni hewa iliyofungiwa mahali ambapo maji hayafiki.

Mwaka huohuo, Septemba 20, nasi tulilia. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini siku ile kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Watu zaidi ya 220 walikufa. Baada ya siku mbili fundi mmoja alitolewa hai, kwa kuwa mahali alipokuwa palibaki na hewa.

Kwa hiyo tuseme waziwazi: madumu si ruhusa ya kuongeza gunia. Hili ndilo kosa tunaloliogopa kuliko yote. Mtu anaona mtumbwi wake umetulia kama kitanda, anasema sasa utabeba magunia sita. Akifanya hivyo ameitumia akiba yake ya hewa kubebea mpunga, naye amerudi palepale alipoanzia, ila sasa na mzigo mkubwa zaidi.

Dawa yake ni alama. Uingereza, mwaka 1876, ilitungwa sheria ya kuchora mstari ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kupakia, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia. Wewe huhitaji sheria. Chukua rangi nyeupe, pima shibiri moja kutoka ukingo kwenda chini, chora mstari pande zote mbili. Maji yakigusa mstari, mzigo umekwisha. Anayebaki asubiri zamu ya pili.

Wakati wa kupakia, magunia yalale chini katikati, yasipangwe moja juu ya jingine. Watu wakae chini, wasikae ukingoni. Wakati wa kushuka, ashuke mmoja mmoja. Maji yaliyoingia yakumbwe mara moja, kwani maji ya ndani hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Kata ya kukumbia isikosekane.

Na kumbuka, madumu hayamfukuzi mamba wala kiboko. Usivuke usiku. Mto ukifurika na kuleta magogo, miti ya pembeni yaweza kunaswa, na mkondo ukaugeuza mtumbwi. Siku hiyo funga chombo, ulale ng'ambo uliko. Mpunga utangoja.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Ni kweli, kikishaanza kuzama hakiongozwi. Lakini kabla ya hapo, kikiwa bado kimefungwa kwenye kigingi, kinaongozwa na mtu anayepakia. Mwenye mtumbwi akisema "basi, imetosha," asionekane mchoyo. Mshukuru, ukae kando ya mto, usubiri zamu yako.

Kwaheri, ndugu mkulima. Uvuke salama.