Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Besiboli ni mchezo uliokuzwa Marekani katika karne ya 19, kisha ukapendwa sana katika nchi za Japani na Kuba. Katika miaka ya 2010 Wajapani walisaidia kuuanzisha katika baadhi ya shule za sekondari za Tanzania. Yafaa basi tuujue vizuri.

Watazamaji wengi humsifu mpigaji anayeupeleka mpira mbali kwa gongo lake. Lakini mara nyingi timu hushindwa kwa sababu ya mpira hafifu unaotambaa chini. Nataka kueleza jinsi walinzi wa uwanja wa ndani wanavyofundishwa kuuzuia mpira huo.

Uwanja wa ndani una pembe nne: nyumbani, ambapo mpigaji husimama, na besi tatu. Kutoka pembe hadi pembe ni futi 90, yaani mita 27 na kitu. Mlinzi mmoja hukaa karibu na besi ya kwanza, mwingine ya pili, mwingine ya tatu. Na wa nne husimama kati ya besi ya pili na ya tatu, naye huitwa shotistopu. Mpigaji akiupiga mpira chini, hukimbilia besi ya kwanza. Mlinzi hana budi kuudaka mpira na kuufikisha pale kabla yake. Mkimbiaji hodari hutumia sekunde nne na kidogo tu, kwa hiyo mlinzi hana nafasi ya kusitasita.

Jambo la kwanza la kufundishwa ni miguu, wala si mikono. Mtupaji anapoutupa mpira kwa mpigaji, kila mlinzi apige hatua ndogo mbele, akunje magoti, na uzito wake uwe sehemu ya mbele ya nyayo. Asimamaye wima kama mlingoti huchelewa kabla hajaanza.

Jambo la pili ni kuufuata mpira badala ya kuungojea. Mpira ni rahisi kudakwa unapoanza tu kuinuka kutoka ardhini, au unapofika juu kabisa ya mruko wake. Katikati ya hapo humsumbua kila mtu. Mlinzi anayesogea huchagua mruko aupendao. Anayengojea huchaguliwa na mpira.

Jambo la tatu ni kuinama. Wahenga walisema kweli: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Glavu ianzie chini kabisa, vidole vikigusa ardhi, mbele ya mwili ambapo macho huiona. Mpira ukiruka ghafula, ni rahisi kuuinua mkono kuliko kuushusha. Mkono wa pili ukae juu ya glavu ili kuufunika mpira na kuutoa upesi.

Jambo la nne ni kutupa. Miguu igeuke kwanza kuelekea besi, kisha mkono ufuate, na mpira ulengwe kifuani pa mwenzake.

Sasa mwalimu afanyeje? Asianze kwa kupiga mipira mikali kwa gongo. Awapigishe wanafunzi magoti, awe mbali nao hatua chache tu, na aubingirishe mpira kwa mkono. Kisha aurushe udunde mara moja mbele ya glavu. Baadaye wasimame, mpira uende kushoto na kulia. Gongo na mkimbiaji vije mwisho. Mpira laini wa tenisi wafaa sana kwa wanaoanza, kwa kuwa hauumizi. Na kabla ya kila mpira, mwalimu amwulize mlinzi: "Ukikujia, utautupa wapi?" Asiyejua jibu mapema hatalipata mpira ukiwa mkononi.

Asidhani mtu kwamba mazoezi haya ni ya watoto tu. Ron Washington, aliyewafundisha walinzi wa timu ya Oakland, aliwapigisha magoti hata mabingwa, akiwapa glavu ndogo bapa zisizoweza kuushika mpira, ili walazimike kutumia mikono miwili. Eric Chavez, mlinzi wa besi ya tatu, alipopata tuzo ya Glavu ya Dhahabu ya mwaka 2004, alimpa mwalimu wake tuzo hiyo.

Limebaki moja, nalo ni kubwa: ulimi wa mwalimu. Tarehe 25 Oktoba 1986, timu ya Boston ilihitaji kumtoa mtu mmoja tu wa New York ili iwe bingwa wa Marekani. Ilikuwa ikiongoza kwa 5 kwa 3. New York wakapiga vizuri mara tatu mfululizo, kisha mtupaji wa Boston akautupa mpira ovyo, ikawa 5 kwa 5. Ndipo mpira hafifu ukamwendea Bill Buckner kwenye besi ya kwanza, ukapita katikati ya miguu yake. Boston wakashindwa siku ile, na mchezo wa mwisho pia. Kwa miaka mingi watu walimlaumu Buckner peke yake, ijapokuwa hesabu ilikuwa imekwisha kuwa sawa kabla ya mpira ule, naye alikuwa akicheza na maumivu ya vifundo vya miguu. Ilikuwa mwaka 2008 alipoalikwa Boston kutupa mpira wa ufunguzi, na watazamaji wakasimama kumshangilia.

Mlinzi anayeogopa kulaumiwa huanza kuuogopa mpira wenyewe. Naye auogopaye hurudi nyuma, huinua kichwa, na mpira humpita. Kwa hiyo mpira ukimponyoka mwanafunzi, mwalimu asimpigie kelele, wala wenzake wasimcheke. Amwulize miguu yake ilikuwa wapi, kisha aubingirishe mpira mwingine, polepole, mpaka mwili wa kijana uzoee kuinama bila kuambiwa.