Jakarta, Mji Ulio Mkabala Nasi Ng'ambo ya Bahari

Mtu wa Chumbageni akitelemka asubuhi mpaka Ras Kazone, akaelekeza uso wake jua linakotoka, mbele yake, nyuma ya upeo wa macho, kipo kisiwa cha Pemba. Na baada ya Pemba ni bahari kuu, na visiwa vichache vilivyotawanyika. Lau angepata chombo cha kumpeleka mashariki pasipo kupinda ila kidogo sana, kituo chake kingekuwa kisiwa cha Java. Tanga iko digrii 5 kusini ya Ikweta, na Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, uko digrii 6. Katikati ni maji ya kilomita 7,500 hivi.

Twaanza na ramani kwa sababu vijana wetu wengi wayajua maduka ya Dubai kama wayajuavyo ya Barabara ya Kumi na Mbili, lakini ukiwauliza habari za Jakarta watakutajia jina tu. Nayo ni nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, na wengi wao wafuata madhehebu ya Imamu Shafii kama sisi. Rais wao wa wakati huo, Joko Widodo, alifika Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaenda kwao Januari 2024. Basi wakubwa wameshatembeleana. Zamu iliyobaki ni yetu raia.

Njia ya leo si ya moja kwa moja. Msafiri atoke Tanga kwa basi la alfajiri mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 350 hivi, kisha apande ndege ya kwenda Doha, Dubai au Addis Ababa, na huko abadili ndege. Kutoka Dar es Salaam mpaka Doha ni kama saa 6 angani, na kutoka Doha mpaka Jakarta ni saa 8 au 9. Mtu azunguka zaidi ya kilomita 10,000 ili kuufikia mji ulio mkabala naye! Mambo ya viza na yaulizwe mapema ubalozi wa Indonesia ulioko Dar es Salaam, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe nyumbani. Kiwanja cha ndege chaitwa Soekarno-Hatta, kwa majina ya mabwana wawili waliotangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, na treni yake humfikisha mgeni katikati ya mji pasipo kugombana na madereva wa teksi.

Akifika, saa yake ataisogeza mbele kwa saa 4. Urefu wa mchana hautamsumbua, maana ni kama wa kwetu mwaka mzima. Hata anayefunga hataona tofauti. Jambo la kuangalia ni kibla. Sisi Tanga twaelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko juu yetu karibu sawasawa. Wao huelekea magharibi, kwa kupinda kidogo upande wa kaskazini. Mgeni akisali chumbani kwa mazoea ya kwao, ataipa Kaaba bega.

Msikiti wa Istiqlal, maana yake uhuru, ndio wa kwanza kuzuriwa. Rais Sukarno aliweka jiwe la msingi tarehe 24 Agosti 1961, na Rais Suharto akaufungua tarehe 22 Februari 1978. Kuba lake lina upana wa mita 45, limesimama juu ya nguzo 12, na siku za Idi hukusanya watu zaidi ya laki moja. Ramani yake ilishinda katika mashindano, na mshindi alikuwa Friedrich Silaban, Mkristo wa kabila la Batak. Ng'ambo ya barabara lipo kanisa kuu la Wakatoliki lililokamilika mwaka 1901, na siku za sikukuu huazimana nafasi za kuwekea magari. Sasa imechimbwa njia chini ya barabara kuunganisha nyumba hizo mbili, na Papa Francis alifika hapo tarehe 5 Septemba 2024, akapokewa na Imamu Mkuu wa msikiti. Sisi tuliokulia Tanga, ambako majirani wa dini mbali mbali wamezoea kuhudhuriana arusini na mazikoni, hatuoni ajabu kubwa. Lakini kuliona jambo hilo likijengwa kwa saruji ni kitu kingine.

Kisha aende Kwitang. Huko aliishi Habib Ali bin Abdurrahman al-Habshi, aliyefariki mwaka 1968, na darsa yake ya Jumapili asubuhi imeendelea baada yake. Asichanganywe na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915, ambaye ndiye mtunzi wa maulidi ya Simtud-Durar. Maulidi hayo yasomwa Lamu katika msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Saleh, na yasomwa Java pia. Masharifu wa Hadhramaut walisafiri pande zote mbili za bahari hii, na kila walikotua waliacha kitabu kile kile. Kijana wa Kiswahili aliyelelewa katika maulidi ataketi Kwitang, amevaa kikoi miongoni mwa watu waliovaa vyao, na atajua pa kuitikia.

Hata lugha yao si ngeni kabisa. Bendera kwao ni bendera, dunia ni dunia. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, daftari ni daftar, meza ni meja, na wakijuliana hali huulizana "kabar". Mengine yalitoka kwa Waarabu, mengine kwa Wareno, waliotufikia sisi na wao. Lakini hotelini mtu asiombe kuku, maana kuku kwao ni ukucha! Aombe wali wao uitwao nasi uduk, upikwao kwa tui la nazi. Wazee wao wa kale waliivuka bahari hii wakakaa Bukini, na wataalamu wengi waona kwamba matengo ya ngalawa zetu yatokana na wao. Mkarafuu nao asili yake ni visiwa vya Maluku. Baadaye Unguja na Pemba ziliwauzia karafuu wenyewe, wazitie katika sigara zao.

Tusifiche ubaya wa mji. Pamoja na miji iliyoungana nao una watu zaidi ya milioni 30, magari husongamana, na upande wa kaskazini, kwenye bandari ya zamani ya Sunda Kelapa yenye majahazi ya mbao, ardhi yadidimia kwa kuvutwa maji ya visima, na bahari yazuiwa kwa ukuta. Kwa sababu hizo sheria ya mwaka 2022 iliamua kuujenga mji mkuu mpya, Nusantara, katika kisiwa cha Kalimantan.

Na wazee wa nyumba tuwaambie wazi: nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni fedha nyingi. Mwenye uwezo ambaye hajahiji, fedha hizo zina mahali pake pa kwanza. Kijana anayetafuta chuo, yeye na aende, ila aandikiane kwanza na chuo chenyewe, wala asitegemee maneno ya dalali.

Mwisho, Idi ya Mfungo Mosi si wakati wa kuzuru. Wao huiita Lebaran, na mamilioni huuacha mji kwenda vijijini kwa wazazi wao. Tiketi hukosekana na maduka mengi hufungwa. Afadhali mgeni afike wiki mbili baadaye, treni zikiwarudisha wenyeji na vikapu vya vyakula vya kwao.